Tazama Miguu, Usisome Boksi: Stendi Nyepesi kwa Kamera Ndogo

Maneno yaliyosemwa mbele ya waongoza watalii na vijana wapiga picha, jijini Tanga

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa pale mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, na hasa ile nyepesi ya kumfaa msafiri mwenye kamera ndogo ya mfukoni. Yupo ndugu mmoja aliniuliza mlangoni, "Mama, jambo hilo litajaza jioni nzima?" Nikamwambia aketi. Vitu vizuri vya mkoa wetu vingi vimekaa penye mwanga haba. Mapango ya Amboni yako kilomita 8 tu kutoka hapa, na ndani mwanga ni wa tochi. Magofu ya Tongoni yanapendeza alfajiri, jua halijatoka. Wavuvi wa dagaa wanawasha karabai zao usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Fundi seremala anamalizia mlango magharibi, taa moja juu ya kichwa. Hayo yote yanataka kamera ifungue jicho lake nusu sekunde, sekunde mbili, pengine sekunde 20, na hakuna mkono wa binadamu unaotulia sekunde nzima.

Mtaniambia simu za siku hizi zinapiga usiku. Ndiyo, zinapiga. Simu inapiga picha nyingi za harakaharaka, inazishona pamoja, inakisia palipopungua. Kwa kumtumia shangazi WhatsApp inatosha. Ila chapisha picha hiyo ukubwa wa kutundika ukutani, uangalie jiwe la Amboni: utaona limepakwa kama plasta. Mimi nataka jiwe lionekane jiwe.

Sasa nianze na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Stendi yangu ya kwanza ya safari niliinunua kwa kusoma boksi. Limeandikwa kwamba inabeba kilo 5. Nikapiga hesabu palepale dukani: kamera yangu, Sony RX100 ya toleo la tatu, pamoja na betri na kadi yake ni gramu 290. Kilo 5 ni mara 17 ya hiyo. Nikajiona nimepata. Stendi yenyewe ilikuwa haifiki gramu 700, inakunjwa ikaingia kwenye kikapu, na miguu yake ina vipande vitano vya kuvuta. Nikaondoka nimefurahi.

Mwezi wa saba nikaenda nayo Pangani. Nilitaka taa za Bweni ng'ambo ya mto zikimulika majini, baada ya magharibi, mashua zikiwa zimelala. Mnaujua upepo wa kusi mwezi ule, haukupi nafasi ya kupumua. Nikaivuta miguu yote mpaka mwisho, nikainua na nguzo ya katikati ili kamera ifike machoni, nikafungua shata, yaani lile jicho la kamera, sekunde nne. Picha ilipotokea, kila taa ya Bweni imekuwa kijidudu kimejikunja. Nikapiga tena, vijidudu. Nikasogea karibu na maji, nikidhani pale mchanga ulioshikana utanifaa. Wimbi likaja likarudi, na liliporudi likachukua mchanga chini ya mguu mmoja. Stendi ikainama polepole, hivi, naiona, na mimi niko hatua tatu. Kamera ikatua kifudifudi. Mchanga ukaingia kwenye lenzi, na lenzi ile haikufunga tena. Fundi aliifungua, akaisafisha, akanirudishia pamoja na pole.

Kilo 5 zile hazikuwa uongo. Kiwandani labda waliweka kilo 5 juu na stendi haikuvunjika. Lakini kubeba bila kuvunjika ni jambo moja, na kutulia ni jambo lingine. Halafu kila kiwanda kinapima kwa namna yake, hakuna kipimo kimoja kinachowabana wote. Kwa mwenye kamera ndogo namba ile haisemi kitu hata kidogo. Karibu stendi yoyote itabeba gramu 300. Ninachowaomba usiku wa leo ni kwamba mkienda dukani msiulize "inabeba kilo ngapi?" Ulizeni "ikitikiswa inatulia baada ya muda gani?"

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulichukua kinyume. Tunadhani kamera ikiwa ndogo, stendi yoyote itafaa. Kumbe kamera nzito inaikandamiza stendi chini, inaisaidia kusimama. Kamera nyepesi haisaidii chochote, inakaa pale juu kama ndege kwenye tawi, upepo ukija vinayumba vyote viwili. Kwa upande mwingine tuna bahati. Kamera hizi ndogo hazina kile kioo cha ndani kinachoruka na kupiga kelele kama kamera kubwa za zamani, na shata yake ni vijibati vidogo ndani ya lenzi vinavyofunguka kimya. Kamera yenyewe haijitikisi. Inatikiswa na kidole chako, na upepo, na ardhi unayoisimamia. Kwa hiyo kidole tunakiondoa kwa taima: weka sekunde 2, bonyeza, toa mkono. Kama stendi yako bado inatetemeka sekunde ya pili, weka taima ya sekunde 10. Na kile kitulizi cha picha kilichomo ndani ya kamera kizime ukishaipandisha kwenye stendi, maana chenyewe hutafuta mtikisiko, na kisipoupata chaweza kuuzua.

Tuje kwenye miguu, maana duka lote liko kwenye miguu.

Ukishika stendi, usianze kuangalia rangi wala mfuko wake. Vuta kipande cha mwisho kabisa cha mguu, kile cha chini, ukipime kwa vidole. Kile ndicho kinachogusa ardhi na kubeba vyote, na ndicho chembamba kuliko vyote. Kikiwa sawa na penseli, rudisha. Stendi zenye vipande vitano kila mguu hukunjwa fupi sana, wauzaji huzisifu kwa hilo, lakini kila kipande lazima kiingie ndani ya mwenzake, kwa hiyo cha tano kinabaki kijiti. Zenye vipande vitatu ni imara, ila ukikunja unabaki na kitu kirefu kisichoingia kwenye begi. Mimi nimetulia kwenye vipande vinne. Na nikiwa na stendi ya vipande vinne, mara nyingi cha nne sikivuti.

Utasema, mama, sasa si itakuwa fupi? Ndiyo, itakuwa fupi, na wewe huna haja ya ndefu. Mwenye kamera kubwa ya kuchungulia anahitaji stendi ifike machoni. Kamera yako ina skrini nyuma, na nyingi skrini hiyo inainuka ukaitazama kutoka juu. Stendi ikifika kifuani umetosheka. Kwa mtu wa kimo changu hiyo ni kama mita 1 na sentimita 20, nguzo ya katikati ikiwa haijainuliwa. Hapo umejiokolea robo kilo hivi ya urefu usioutumia.

Na nguzo ya katikati, jamani. Umelipia miguu mitatu, kisha unainua nguzo na kuiweka kamera juu ya mguu mmoja! Ukiweza kununua stendi ambayo nguzo yake inatolewa kabisa au inakatika ikawa fupi, nunua hiyo. Nguzo fupi inakupa na faida nyingine: miguu inapanuka mpaka tumbo la stendi likaribie kugusa ardhi, ukapiga kaa wa mikokoni akiwa usawa wa macho yake.

Sasa jaribio lenyewe. Nimelifanya katika maduka mengi na muuzaji mwenye nia njema hakatai. Nenda na kamera yako. Ifunge kwenye stendi, ivute miguu kimo utakachotumia. Vuta zumu mpaka mwisho, maana zumu inakuza mtikisiko kama inavyokuza picha. Elekeza kwenye maandishi ya bango ng'ambo ya barabara. Sasa gonga mguu mmoja kwa kidole, taratibu, kama unabisha hodi kwa mtu mwenye mtoto mchanga, na utazame skrini. Herufi zitacheza. Hesabu: moja, mbili. Zikitulia kabla ya mbili, stendi hiyo unaweza kuzungumza bei yake. Ukifika nne herufi bado zinacheza, iache hata kama unapewa nusu bei. Stendi ile ya Pangani, nilipokuja kuijaribu hivi nyumbani, nilihesabu mpaka sita.

Kisha shika kichwa chake. Kwa safari mimi nataka kichwa cha gololi: tufe moja ndani ya kikombe, unalegeza skrubu kamera inageuka kokote, unakaza inakaa. Vile vichwa vyenye mkono mrefu wa kusukumia ni vya video, vinachukua nafasi bure. Cha kuangalia ni kama kinashuka chenyewe. Weka kona ya picha kwenye kona ya dirisha, kaza, halafu achia mikono. Vingi vya bei ndogo hushuka kidogo ukishaachia, unywele tu, lakini ukizoea kuweka upeo wa bahari unyooke utagombana nacho kila siku.

Kuna kitu kidogo hapa nataka mkisogelee. Dada, nipe hiyo kamera. Mnaona tundu hili chini? Hilo ni la skrubu ya robo inchi, kamera karibu zote duniani zinalo, kwa hiyo msiogope kwamba stendi ya kampuni hii haitaingia kamera ya kampuni ile. Lakini tazameni kando ya tundu: mlango wa betri na kadi uko hapahapa, kidole kimoja tu. Kibamba cha kufungia kamera kikiwa kipana, kinauziba mlango huo. Betri ikiisha katikati ya kazi, na betri za kamera hizi ndogo haziendi mbali, itabidi ufungue kibamba kizima, gizani, ukitafuta sarafu ya kukazia. Tafuta kibamba kidogo, cha mraba, kisichozidi upana wa kamera, na chenye pete ya kukazia kwa kidole. Jambo la pili, kitabu cha maelezo cha Sony kinaonya kwamba skrubu iwe fupi kuliko milimita 5.5. Skrubu ndefu haikazi vizuri na inaweza kuharibu kamera. Kaza mpaka kamera isicheze, basi. Hiyo si nati ya baiskeli.

Alumini au kaboni? Hili ndilo mnalonipigia simu sana. Kampuni ya Gitzo, iliyoanzia Ufaransa, ilitoa stendi ya kaboni mwaka 1994, na tangu hapo kila mtu ameitamani. Ni nyepesi, inameza mtikisiko haraka, na asubuhi ya baridi Lushoto haikuumi vidole. Lakini tazameni mfano mmoja. Peak Design walipotoa stendi yao ya safari mwaka 2019 waliitengeneza kwa namna zote mbili, umbo moja, urefu mmoja. Ya alumini kilo 1.56, ya kaboni kilo 1.27. Tofauti ni gramu 290, uzito wa kamera yangu nzima. Bei ya alumini ilikuwa karibu dola 350, ya kaboni karibu dola 600. Zote mbili ni ghali kwa wengi wetu hapa, nazitaja kwa sababu ya ule ulinganisho. Hukumu yangu: kama unatembea kwa pikipiki, daladala na baiskeli, nunua alumini nzuri kuliko kaboni dhaifu. Alumini ikianguka inabonyea, unaendelea nayo. Kaboni ikipigwa vibaya inapasuka.

Kaboni ninaitetea mahali pawili. Zile ndege ndogo za kwenda mbugani kwa kawaida zinaruhusu mzigo wa kilo 15 kwa mtu, kwenye begi laini, na nguo zako zimo humohumo. Na Kilimanjaro. Wapo hapa vijana wanaopandisha wageni. Mpagazi hapaswi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, mnajua, na mnajua pia jinsi mzigo unavyoongezeka kimyakimya geti likishapitwa. Stendi ya mgeni ya kilo mbili na nusu iko juu ya kichwa cha kijana wa watu mpaka kambi ya Kibo, mita 4,720. Kwa hiyo mgeni akikuuliza kabla ya safari alete stendi gani, una haki ya kumwambia: isizidi kilo moja, na uibebe mwenyewe. Mimi nasema hivyo bila aibu.

Wale ambao mfuko hauruhusu, kuna vistendi vya mezani, urefu wa shibri moja, gramu 200 hadi 300, na vile vyenye miguu ya kujinyonganyonga ambavyo kampuni ya Joby ilivileta kwa jina la GorillaPod mwaka 2006. Msividharau. Kistendi kifupi juu ya baraza la nyumba ya zamani kimetulia kuliko stendi ndefu juu ya mchanga. Baraza zetu zimejengwa kwa mawe na chokaa, hizo ndizo stendi bora mjini. Kasoro yake ni kwamba utapiga kutoka mahali palipo na baraza.

Ukishanunua, kuna vijimbinu vya kuisaidia stendi nyepesi iwe nzito pale tu unapohitaji uzito. Nyingi zina ndoano chini ya nguzo. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu, unayo begani tayari. Itundike. Ila isining'inie ikabembea, maana itakuwa yenyewe ndiyo inayotikisa: iteremshe mpaka kitako chake kiguse ardhi kidogo, au ifunge na mguu kwa mpira wa tyubu. Mpira wa tyubu natembea nao siku zote. Huo huo unaofungia mzigo kwenye keria ndio umewahi kunifungia mguu wa stendi kwenye nguzo ya mkoko.

Na mchanga wa Pangani nimeshaupatia dawa. Vifuu. Vifuu vitatu vya nazi, umevifunika kinyumenyume, unavididimiza kidogo, kila mguu unakaa mgongoni mwa kifuu. Wimbi jembamba likipita mguu hauzami. Nilirudi nikapiga taa zile za Bweni mwaka uliofuata, bamvua limejaa, upepo ule ule wa kusi, stendi ya alumini ya kilo 1 na gramu 200, kipande cha nne hakijavutwa, chupa ya maji imefungwa, kamera mpya iko usawa wa kifua changu. Sekunde nne. Kila taa ilikuwa nukta, na chini yake mstari wake majini, umenyooka.

Ukitoka baharini, usiiweke stendi kabatini na chumvi yake. Ioshe kwa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo. Vile vifungo vya kuzungusha vinavyokaza vipande vya miguu vifungue mpaka mguu utoke, utaona mchanga umekaa kwenye nyuzi za skrubu. Futa kwa mswaki wa zamani, anika kivulini, paka grisi kidogo sana, rudisha. Wenye vifungo vya klipu kazi yenu ni rahisi zaidi, mchanga mnauona kwa macho, ila klipu hunasa kwenye matawi na kwenye mikanda ya begi. Mimi natumia vya kuzungusha kwa sababu ya begi. Mwenye kupiga ufukweni kila wiki, klipu zitamfaa kuliko vyangu.

Kaka pale nyuma amenyoosha mkono muda mrefu. Anauliza, Amboni je, mle ndani njia nyembamba na chini pana mawe yaliyopandana, stendi itasimamaje? Swali zuri. Hapo ndipo utajua kama ulinunua stendi ambayo kila mguu unafunguka kivyake. Mmoja unauweka ukutani, mmoja kwenye jiwe, wa tatu unaukunja mfupi katikati. Weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 125, usiipandishe mpaka 3200 picha ikajaa chenga. Fungua shata sekunde 20, zimeni tochi zote, kisha mwenzako mmoja tu apitishe mwanga juu ya ukuta polepole, kama anapaka chokaa, asisimame mahali pamoja. Jiwe lile lilikuwa chini ya bahari zamani za mbali sana, mtaona mikunjo yake yote.

Stendi nne ziko juu ya meza ile, zangu mbili na mbili za kuazima. Bango la ng'ambo ya barabara linaonekana kutoka dirishani na taa yake inawaka. Wazee watangulie, halafu mje wawiliwawili, mgonge mguu na mhesabu kwa sauti ili wengine wasikie.